Benedicto Hakutaka Kurudi Amebebwa

Kila kulipopambazuka, Benedicto aliketi kwenye kigoda nyuma ya ukuta wa uani kwa dada yake, mjini Kasulu, akisikiliza baiskeli zinazotoka Nyakitonto. Hakuweza kuziona kwa sababu ya ukuta. Alizitambua kwa milio yake, jinsi mfugaji anavyotambua ng'ombe wake gizani.

"Huyo ni Makarius," alisema siku moja, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Gololi za nyuma zimekwisha. Nilimwambia azibadilishe tangu tukiwa wote."

Mimi nilikuwa mpangaji mpya katika nyumba ile. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uchomeleaji wa vyuma mwishoni mwa mwaka 2012, nikatoka kwetu Kibondo kuja kufanya kazi kwenye gereji ya Saady, na Ernesta, dada yake Benedicto, akanipangisha chumba cha pembeni. Siku za mwanzo nilidhani yule mwanaume wa kigodani ni mtu asiyependa watu. Nilimpita na ndoo yangu ya maji, nikamwamkia, naye akaitikia kwa kichwa tu. Katika milima yetu mtu mzima haitikii kwa kichwa. Huinama kidogo, hupiga makofi taratibu, na salamu huendelea mpaka kila upande uridhike kwamba umeulizwa habari zake za kutosha. Ilinichukua muda kutambua kwamba Benedicto hakuwa na viganja viwili vya kukutanisha. Mkono wa kushoto ulilala pajani kama kitu alichoombwa amshikie mtu mwingine.

Alikuwa mbeba ndizi. Tangu ujana wake alitoka Nyakitonto na mikungu imefungwa pande zote mbili za baiskeli na mingine juu ya keria, hata kwa mbali ungedhani mgomba wenyewe umeamua kwenda sokoni. Baiskeli ya namna hiyo haipandwi inapokwenda mjini. Husukumwa, mkono mmoja ukishika fimbo iliyofungwa kwenye usukani na bega likikandamiza mzigo kutoka nyuma. Mteremkoni breki haitoshi. Mtu hukanyaga tairi kwa kisigino cha katambuga mpaka kunuke mpira. Wakati wa kurudi, mzigo ukiwa umekwisha, hapo ndipo walipanda, wakaenda kwa msafara mrefu wakitaniana njia nzima. Benedicto aliniambia baadaye kwamba maisha yake yote aliyapenda kwa ajili ya ule wakati wa kurudi.

Mwaka 2012, msimu wa maharage, mguu wake wa kushoto ulikataa akiwa katikati ya soko. Baiskeli ilimwangukia na ndizi zake zote. Wenzake walicheka, wakidhani ameteleza, wakaendelea kucheka mpaka walipouona mdomo wake umekwenda upande. Ilikuwa kiharusi. Alipotoka hospitali waliona ni heri akae kwa Ernesta, mahali ambapo angeweza kufikishwa kwenye mazoezi ya viungo. Mkewe, Immakulata, alibaki Nyakitonto na watoto, shamba la maharage na migomba. Walikubaliana kuwa ni kwa muda mfupi.

Muda ule mfupi ukawa mwaka, kisha mwaka wa pili.

Msomaji anaweza kuuliza, kama nilivyouliza mimi, kwa nini hakupandishwa gari akarudishwa kwake. Jibu liko katika desturi ya njia zile. Mgonjwa anayetoka kijijini amebebwa kwenye machela huombewa apone. Anayerudi kijijini amebebwa huanziwa kilio, kwa kuwa maana yake hospitali wameshindwa na ameletwa afie kwao. Makarius, rafiki yake wa barabarani, alijaribu mara moja kumrudisha kwa pikipiki. Walimweka Benedicto katikati ya dereva na Makarius, wakamfunga kwa khanga ili asidondoke. Katika kijiji cha kwanza tu wanawake waliokuwa njiani walitua vikapu vyao wakasimama kimya, na wanaume wakavua kofia. Mama mmoja akasogea akauliza kwa upole, "Poleni wanangu. Amefariki lini?"

"Bado," akajibu Benedicto kutoka katikati ya pikipiki.

Akaamuru wageuze. Tangu siku hiyo neno lake likawa moja. Nyumbani aliondoka akisukuma baiskeli, na nyumbani angerudi juu ya baiskeli, au asirudi.

Immakulata alikuja siku za gulio. Alitembea, kikapu kichwani, akafika amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, akanawa, akaketi mkekani karibu na kigoda cha mumewe. Mazungumzo yao niliyasikia mara nyingi kupitia dirisha la chumba changu, na sikuyatafuta.

"Mgomba wa nyuma ya jiko?"

"Umeinama."

"Umeutilia mwega?"

"Nimeutilia, Baba Japhet. Mimi pia nina mikono."

"Sikusema huna. Mwega wa mti gani?"

"Wa mti uliokuwepo." Akavuta kikapu karibu. "Unataka nikuletee kipande chake ukikague?"

Alicheka Benedicto, kwa upande mmoja wa uso. Kisha akauliza lile alilokuwa akilichelewesha kila mara. "Na Elieth?"

Elieth alikuwa kitinda mimba wao. Baba yake alipougua alikuwa hajaanza kutembea. Mwanzoni Immakulata alikuja naye mgongoni. Alipokuwa mzito kubebwa na mdogo mno kutembea njia ile, aliachwa nyumbani na kaka zake.

"Anakimbia sasa. Kuku hawana amani."

"Ananiulizia?"

Immakulata alikuwa anapanga ndizi ukutani, kubwa chini, ndogo juu. "Anajua ana baba Kasulu," alisema, "kama anavyojua kuna soko Kasulu."

Benedicto hakuuliza tena siku ile. Mkewe alipojitwika kikapu kitupu kurudi, alimsindikiza kwa macho mpaka kona ya ukuta, na alipotoweka aliendelea kutazama kona.

Mwaka 2014 ulipokaribia kwisha, Immakulata alikuja siku isiyo ya gulio. Hakuketi.

"Baba Japhet, ndugu zako wanalitaka shamba la bondeni. Wanasema mwenye shamba yuko mjini."

"Waambie nipo."

"Nimewaambia mpaka nimechoka. Wananiuliza yuko wapi, wanatazama nyuma yangu kama umesimama hapo." Alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyekwisha kulia njiani. "Nimekuwa na nyumba mbili, na katika zote mbili mimi ni mgeni. Sikiliza. Maharage ya mwaka ujao yakishaanikwa na kuingizwa ndani, kama hujarudi, nitafunga mlango. Nitakuja hapa na watoto, tutapanga chumba, na shamba walichukue."

"Mama Japhet, shamba lile nililirithi kwa baba."

"Basi njoo ulikalie. Kwa gari, kwa pikipiki, kwa machela. Mimi sioni tofauti. Wewe ndiye unayeiona."

Alirudi jioni ileile. Ernesta alimsihi alale, lakini hakukubali.

Kesho yake Ernesta alikuwa na homa, akaniomba nimpeleke kaka yake hospitali kwenye mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa Firdausi, binti wa Pangani aliyepangiwa kazi kwetu, mwepesi wa maneno na mzito wa mikono. Aliukunja na kuukunjua mkono wa Benedicto huku akimsema.

"Baba, huu mkono umeususa. Kiungo kikisuswa nacho kinasusa. Unaufanyia mazoezi nyumbani?"

"Naufanyia."

"Uongo. Ungekuwa laini huu." Akachukua simu yake, akatuonyesha picha ya mashine aliyojifunzia katika hospitali kubwa huko alikosoma. Ilikuwa kama baiskeli, ila ilikuwa na pedeli mbili za miguu na nyingine mbili za mikono. Mgonjwa huketi, alisema Firdausi, akazungusha vyote vinne kwa pamoja. Upande wenye nguvu huuvuta ule dhaifu, na mwili mzima hufanya kazi, moyo na mapafu pia. "Hii ndiyo ingekufaa wewe."

Benedicto aliitazama picha kwa muda mrefu. "Magurudumu yake yako wapi?"

"Haina magurudumu. Imefungwa sakafuni."

"Inazunguka, haiendi?"

"Haiendi, baba. Ni ya mazoezi."

"Basi ya nini?" alisema, akamrudishia simu.

Tulirudi nyumbani polepole, yeye akiegemea fimbo na mimi nikitembea upande wake dhaifu. Karibu na gereji nilimwambia kwamba mashine ile ingeweza kuwekewa magurudumu. Alisimama.

"Rudia, binti."

Nikarudia.

Kwetu Kibondo alikuwepo jirani yetu Nathaniel, aliyepooza miguu yote miwili tangu utotoni, mwenye baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Alikuwa amepata mpya, na ile ya zamani ilikaa kwenye kibanda cha mbuzi. Nilikwenda mwisho wa juma kumwomba. Aliizunguka mara mbili kwa baiskeli yake mpya, akiikagua kama mtu anayeozesha binti.

"Imenipeleka kila mahali isipokuwa mbinguni," alisema. "Huyo mtu wako ana haraka ya kufika wapi?"

"Nyakitonto."

"Ah. Huko itamtoa jasho." Kisha akanisaidia kufunga kamba ili ipandishwe juu ya basi.

Pale gereji, Saady aliitazama, akatazama baiskeli ya mizigo ya Benedicto, iliyokaa kwa Ernesta tangu aanguke sokoni, niliyoiegemeza kando yake, akanitazama mimi. "Fundi, nakuuliza kwa heri. Hii ni ndoa au ni talaka?" Hata hivyo aliniruhusu kutumia mashine ya kuchomelea baada ya saa za kazi, na umeme ulipokatika nilitumia msumeno na tupa.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Mikono ingezungusha gurudumu la mbele, miguu ingezungusha ya nyuma, kila jozi kwa cheni yake. Upande wa kulia ungefanya kazi. Wa kushoto, ukiwa umefungwa kwa ukanda wa tyubu kwenye mpini na kwenye pedeli, ungevutwa mzunguko mzima, utake usitake. Breki niliiunga na pedeli ya kulia, ili mguu ukikanyaga kinyume magurudumu yafunge. Kiti kilikuwa na kiegemeo cha mabomba na sponji. Benedicto alikuja kila jioni kutazama. Hakushauri kitu mpaka siku ya mwisho, aliponiomba nisikwangue rangi ya fremu ya baiskeli yake. Ilikuwa imechubuka mahali alipoegemeza bega la kulia kwa miaka mingi akisukuma.

Siku ya kujaribu tulikwenda kwenye uwanja wa mpira. Aliuzunguka mara moja akiwa amekunja uso, mara ya pili akiwa amefumba mdomo, na mara ya tatu akiwa anasema peke yake kwa Kiha maneno ambayo sitayaandika, ya furaha. Kisha akatoka uwanjani bila kuniuliza, akashika barabara.

Kulikuwa na mteremko mdogo. Nilikimbia nyuma yake. Mbele, mzee mmoja wa Nyakitonto, rika la marehemu baba yake Benedicto, alikuwa anapanda akitokea mjini. Nilimwona Benedicto akimtambua. Nilitaka kupiga kelele, lakini nisingewahi. Mtu aliyelelewa katika milima ile hawezi kumpita rika la baba yake mikono ikiwa na shughuli nyingine. Aliachia mpini wa kulia, akainamisha kichwa, akaupeleka mkono ule kuutafuta wa kushoto ili apige makofi. Wa kushoto ulikuwa umefungwa. Uzito wake ukavuta usukani, na baiskeli ikaingia mtaroni, ikamlaza kwa ubavu ndani ya matembele ya watu.

"Mwidiwe," Benedicto alisalimu kwa Kiha kutoka matembeleni.

Mzee yule, kwa kuwa salamu ilikuwa imekwisha kuanza, aliimalizia kwanza. Alipiga makofi yake taratibu, akauliza hali ya nyumbani, hali ya mke na watoto, hali ya mvua. Benedicto akajibu yote kwa ukamilifu, gurudumu moja likizunguka hewani. Ndipo mzee akasema, "Naona umeanguka," akashuka mtaroni kunisaidia kumwinua.

Nilipomfungua ukanda niliona jambo. Vidole vya mkono wake wa kushoto, ambavyo siku zote vilijikunja kama vya mtoto mchanga, vilikuwa vimenyooka. Dakika chache baadaye vilikuwa vimejikunja tena. Kesho yake tulimweleza Firdausi.

"Fungua mkono, baba."

Hakuweza. Alikaza mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso.

Firdausi alifikiri. Akatoka nje, akafunga mlango. Tukasikia anabisha hodi. Akaingia, akainama vizuri kabisa, akapiga makofi kwa mwendo usio wetu, akasema kwa lafudhi ya pwani, "Mwidiweee!"

Benedicto alicheka, lakini mkono wake wa kulia ulikwisha kuinuka kujibu, na pajani vidole vya kushoto vilikuwa vinafunguka, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaoamshwa kwa zamu.

"Kumbe dawa yako ni adabu," alisema Firdausi. Akamwandikia zoezi jipya: asimpite mtu yeyote Kasulu bila kumsalimu kikamilifu. "Ila ukiwa juu ya baiskeli, baba, simama kwanza. Nakuomba."

Miezi ile ya mwanzo wa mwaka 2015 alizunguka mji mzima. Jioni nilimwona akirudi, shati limegandama mgongoni, mikono na miguu ikizunguka kwa mwendo mmoja wa subira. Watoto wa mtaa walimwita "mtu wa mashine" na yeye aliwaita majina mabaya zaidi. Mguu wa kushoto ulipata nguvu kiasi cha kumwezesha kuvuka uwanja bila fimbo. Mkono haukupata nguvu ya kubeba kikombe. Lakini kila alipomaliza mzunguko alisimama pale barabara ya Nyakitonto inapoanza, akitazama upande ule mpaka giza likaanza kuingia, na ninaamini kwamba mazoezi aliyoyafanya kwa nguvu kuliko yote ni yale ya kugeuza baiskeli.

Mwezi wa Juni maharage yalianikwa. Immakulata alikuja siku ya gulio, akasema, "Yako ndani."

"Kesho," alisema Benedicto.

Mkewe alimtazama kuona kama ni mzaha. Kisha akaketi, kwa mara ya kwanza tangu ile siku aliyosimama, na usiku ule akalala kwa Ernesta. Watoto hawakuwa na habari. Hakutaka kuwapelekea habari ya jambo ambalo pengine lisingetokea.

Tuliondoka asubuhi. Mbele alikuwa Makarius na wabeba ndizi wengine kadhaa waliokuwa wamelala mjini, baiskeli zao tupu, Benedicto katikati, nyuma kabisa Immakulata na mimi kwa miguu, mimi nikiwa na spana na kipande cha tyubu mfukoni. Mabasi ya wakimbizi waliokuwa wakitoka Burundi yalitupita yakielekea Nyarugusu, yakatumwagia vumbi. Kwenye madirisha watu walituangalia, magodoro yamefungwa juu ya paa. Benedicto alisimamisha baiskeli kila basi lilipopita. Sikujua ni kwa ajili ya vumbi au ni kwa heshima.

Katika vijiji hakuna aliyevua kofia. Walimtolea macho, kisha wakapiga vigelegele, kisha wakauliza maswali ya kijinga.

"Hiyo inakula nyasi au mafuta?"

"Inakula ugali," alijibu Benedicto, "na mpaka sasa haijapewa."

Tulipita mto wa mwisho jua likiwa limeanza kuegemea magharibi. Mbele yetu ulisimama mlima wa Nyakitonto, barabara yake nyekundu ikiupanda moja kwa moja bila kona, kama iliyochorwa na mtu asiyewahi kusukuma kitu. Wanaume walishuka, wakaanza kupanda wakisukuma. Benedicto hakushuka. Aliinamisha kichwa akazungusha. Nilisikia cheni zikilalamika. Alipanda kipande kizuri, cha kutosha kunifanya nitumaini. Kisha mwendo ukapungua, mikono ikaenda nusu mzunguko, ikasimama. Baiskeli ikaanza kurudi nyuma. Alikanyaga breki, ikafunga. Pale akabaki, katikati ya mlima, kifua kikipanda na kushuka. Immakulata alisimama kando ya barabara na hakumkaribia.

Juu kabisa Makarius alikuwa amefika. Aliegemeza baiskeli yake ukingoni, akashuka kwa miguu akirudi kwetu. Wabeba ndizi hufanya hivyo katika mlima ule siku wanazorudi na mizigo ya madukani: wa kwanza kufika huacha mzigo wake juu akarudi kumsukuma aliye nyuma, na wa pili humrudia wa tatu. Haombwi mtu, wala hashukuriwi. Ukimshukuru atadhani unamtania. Makarius alipita nyuma ya kiti, akaweka viganja kwenye kiegemeo.

"Ondoa mkono, Makarius."

"Upi?"

"Huo. Yote."

"Bene, mimi na wewe tumepanda mlima huu tangu hatujaoa. Ni lini ulifika juu peke yako?"

"Wakati ule nilikuwa na mzigo."

"Na leo huna? Huo mguu wa kushoto unadhani ni manyoya?"

Wenzao waliokuwa wanashuka wakacheka. Benedicto hakucheka. "Watasema nimebebwa."

"Nani kabebwa? Aliyebebwa hatoki jasho. Hebu jinuse."

Mkono wa kulia wa Benedicto uliondoka mpinini, ukajifuta uso, ukarudi.

"Sukuma basi," alisema. "Lakini usianze mpaka niseme. Na usisukume kuliko ninavyozungusha."

"Hata mlimani bado anaamuru," alisema Immakulata kwa sauti ya chini. Nilipomtazama alikuwa amegeukia upande wa mto, akijifuta uso kwa ncha ya khanga.

Walipanda hivyo, mmoja akisukuma na mmoja akizungusha kwa mikono na miguu, wakikemeana mpaka juu.

Kutoka kileleni njia ni tambarare, inafuata mgongo wa mlima katikati ya migomba. Benedicto hakutusubiri. Tulipofika juu, Immakulata na mimi, tuliona vumbi lake tu na Makarius akimfuata kwa baiskeli yake, nyuma kidogo. Immakulata hakuongeza mwendo. Alisema anataka amwache afike. Kwa hiyo yaliyotokea uani ninayaandika kama alivyonisimulia Makarius.

Benedicto aliingia uani akasimama. Kwa kuwa alikuwa amefungwa mkono na mguu, hakuweza kushuka mpaka mtu amfungue, na Makarius alipotaka kumfungua alimwambia angoje. Alikuwa anatazama. Kaka zake Elieth walikuwa wamekwenda kuchota maji. Mlango ulikuwa wazi. Elieth alitoka nyuma ya jiko akiburuta ufagio mrefu kumzidi yeye, akasimama mbali kidogo, akaiangalia baiskeli kwanza, halafu mtu.

"Unamtafuta nani?"

Benedicto aliinama kidogo juu ya mpini. "Namtafuta Mama Japhet."

"Hayupo. Amekwenda Kasulu kumwona baba."

Makarius alifungua mdomo. Benedicto alimkata kwa jicho.

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Ila hawezi kuja. Ni mbali."

"Kweli," alisema Benedicto. "Ni mbali."

Mtoto alisogea. Aligusa cheni ya mbele kwa kidole, akatazama mafuta meusi yaliyobaki kidoleni, akayapaka kwenye gauni. "Kwa nini wamekufunga?"

"Nisianguke."

"Mimi sianguki."

"Naona. Naweza kumsubiri mama yako hapa?"

Elieth alifikiri jambo hilo. Kisha akaingia ndani, akatoka na kigoda akikikumbatia kwa mikono yote miwili, akakiweka karibu na gurudumu la mbele. Alipoona mgeni haketi, akakikalia mwenyewe.

Hivyo ndivyo tulivyowakuta. Makarius alikuwa ameketi pembeni kwenye jiwe, akiichunguza kofia yake. Immakulata alitua kikapu chake chini taratibu, asije akawashtua.

"Mama, kuna mgeni," alisema Elieth. "Anakusubiri wewe."

"Namwona," alisema Immakulata.

Akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kumfungua mguu.